Wimbo Ambao Haukuwa wa Adeline

Bunia, mtaa wa Saio, 7 Septemba 2024

Joëlle alikuja mchana na kaseti ya zamani, karatasi yake imegeuka njano. Ni fundi wa mitambo kwenye redio ya mtaa wetu, na nyumbani kwa marehemu baba yake amejenga studio ndogo, njia mbili kutoka kwangu. Aliweka kidole kwenye picha.

"Maman Domi, hii ni weye?"

Ni mimi. Msichana mwenye nywele nyingi kuliko uso, wa pili kutoka kushoto. Les Tendres, kikundi chetu cha sauti nne, Bunia, 1990.

Anasema kila Jumamosi akipiga wimbo wetu "Macho ya Asubuhi", simu hazikomi. Anataka turudi wote wanne tutoe albamu ya nyimbo nane, zote za mapendo. Sharti ni moja: iishe kabla ya 30 Novemba, maana siku hiyo anahamia Kisangani, ameitwa na redio kubwa, na vyombo vyake vyote vinaondoka naye.

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini. Mume wangu ana miaka sita kaburini. Siku hizi watu huniita kuimba kwenye matanga tu. Nilimwambia Joëlle nitauliza wenzangu kwanza. Sikumwambia kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali.

11 Septemba

Nimewaona wote. Kamate, sauti yetu ya besi, nilimkuta kwenye duka lake la magodoro, amelala juu ya matela ya kuuza. Alikubali kabla sijamaliza. Adeline, mke wake, soprano wetu, alikuwa nyuma akichagua samaki wa chumvi. Aliuliza swali moja: tutavaa nini? Alexis, tenor, aliyeongoza nyimbo zetu zote, alirudi miaka miwili iliyopita kutoka Kilo alikochimba dhahabu muda mrefu. Naye aliuliza swali moja: picha yake itakuwa mbele?

Hajabadilika hata kidogo.

14 Septemba

Mazoezi ya kwanza, sebuleni kwangu. Tulicheka kuliko tulivyoimba. Alexis anakohoa.

15 Septemba

Mvua.

18 Septemba

Alexis alileta nyimbo mpya tatu, zote zinamsifu msichana mwenye kiuno chembamba. Adeline akamsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Alexis, huyu binti iko na miaka ngapi?"

"Eh... makumi mbili, hivi."

"Na weye?"

"Soixante-et-un. Makumi sita na moja."

"Alors muache mutoto wa watu asome."

Kamate alicheka mpaka akaketi chini. Hapo nikasema wazo langu, na nashangaa nilivyosema bila woga: tuimbe mapendo ya umri wetu. Mtu anayekuamsha umeze dawa. Mtu anayejua upande gani wa kitanda mgongo wako hauumi. Kisha Adeline akasema, "Hiyo mi nitaimba." Alexis hakupenda, lakini alikunja karatasi zake.

21 Septemba

Nataka kuandika hii vizuri.

Joëlle alimwalika Kamate redioni kwenye kipindi chake cha Jumamosi, aeleze watu kwamba Les Tendres wanarudi. Mimi na Adeline tulikuwa jikoni kwake. Yeye alikuwa anaosha sombe, majani ya muhogo, mimi ninamenya vitunguu, redio iko dirishani. Kamate alizungumza vizuri. Sauti yake ile nzito, utafikiri anatoka ndani ya pipa. Joëlle akapiga "Macho ya Asubuhi" na Adeline akaimba nayo, maji yanamtiririka mikononi. Bunia nzima inajua huo wimbo ni wake. Kamate aliuleta kwenye mazoezi wiki mbili baada ya Adeline kuingia kwetu, mwaka wa themanini na tisa. Ndio waliofungulia sherehe ya ndoa yao. Watoto wao wote watano wamelala kwa huo wimbo.

Wimbo ukaisha. Joëlle akauliza, "Papa Kamate, basi siku ulimuona Maman Adeline mara ya kwanza, ndiyo siku uliandika hii?"

Na Kamate, mtu mwenye furaha, mtu asiyefikiri, akacheka.

"Hapana, mutoto yangu! Hii niliandika mbele ya kumujua, niko Beni, mu quatre-vingt-sept. Kulikuwa binti moja mu kwaya, iko na macho... Alikataa hata kunisalimia! Nikaweka wimbo mu cahier, mu daftari. Kisha nikakuya huku Bunia."

Themanini na saba: miaka miwili kabla ya Adeline. Joëlle alijaribu kuokoa. Alisema neno kuhusu hali ya hewa. Lakini ilikuwa imeshatoka.

Adeline alinyosha mkono dirishani. Alizima redio. Akaendelea kuosha majani yale yale mpaka nikamshika mkono, maana yalikuwa yameanza kuchanika.

"Miaka thelathini na tano, Domi," akasema. "Mi naitika jina ya mwingine."

Kamate aliporudi alikuwa na mkate mikononi na anapiga mluzi. Aliona uso wa mke wake, akaona wangu. Mimi nilichukua mwavuli wangu nikaondoka. Nje mvua ilikuwa kubwa, lakini afadhali mvua.

25 Septemba

Mazoezi. Adeline alikuja, ameketi kona ya kulia. Kamate kona ya kushoto. Hawasemezani.

"Domi, ambia ule muzee, iko anachelewa kuingia pale chini."

Ule muzee yuko hatua tatu kutoka kwake. Nikamwambia.

"Ambia bibi yangu, nimesikia."

Nikamwambia pia.

28 Septemba

Vile vile. Lakini wanapoimba pamoja sauti zao zinashikana kama zamani. Ajabu sana. Wakinyamaza tu, kila mmoja anatazama ukuta wake.

2 Oktoba

Tulianza kurekodi. Saa nane mvua ikapiga mabati ya Joëlle na hatukusikia hata kukohoa kwa Alexis.

3 Oktoba

Mvua. Hatukurekodi.

4 Oktoba

Mvua.

5 Oktoba

Jua mpaka saa sita. Tumemaliza wimbo mmoja! Unaitwa "Meza Dawa Yako". Joëlle alilia kidogo nyuma ya kioo, akasema ni vumbi. Vumbi gani mwezi wa kumi?

Kisha akasema, "Sasa tupige 'Macho ya Asubuhi'. Bila ile watu hawatanunua." Adeline akachukua mkoba wake.

"Hiyo mutaimba na binti ya Beni."

9 Oktoba

Kamate alikuja kwangu na karatasi. Ameamua kumwandikia Adeline wimbo mpya, wa kwake kweli. Anataka mimi nisome kwanza, maana nilikuwa mwalimu. Wimbo una nyota mbili, waridi moja, na dhahabu ya Kilo mara nne. Nilitoa kalamu nyekundu bila kufikiri.

"Unanipatia ngapi?" akauliza.

"Nne juu ya kumi."

"Juu ya nini nne tu?"

"Papa Kamate, hii ni ya mwanamke yeyote. Ile ya Beni pia ilikuwa ya mwanamke yeyote, ndiyo maana uliweza kuibeba mpaka huku."

Alivua kofia, akaiweka magotini. Sikuzote nimemwona Kamate kama mtu asiyeumia. Anacheka, anauza, analala. Leo akaniambia kwamba tangu vita, tangu kikundi kilipovunjika, hajaandika hata mstari mmoja. Alijaribu. Alidhani kipaji kimekufa ndani yake, akaona aibu, akacheka tu.

12 Oktoba

Adeline ameteremka Kasenyi, kwa dada yake Claire, kule ziwani. Amesema anaenda kusaidia kazi ya samaki. Hakusema atarudi siku gani. Kamate alinipigia simu akauliza nafasi ya chumvi jikoni. Yeye mwenye nyumba ananiuliza mimi!

13 Oktoba

Mvua.

16 Oktoba

Kamate ameleta wimbo wa pili. Tano juu ya kumi.

19 Oktoba

Siku mbaya. Joëlle alisema turekodi sehemu ya Alexis ya "Macho ya Asubuhi", sauti ya Adeline itaongezwa baadaye, Mungu akipenda. Alexis aliingia na miwani myeusi. Ule mstari wa tatu, pale sauti inapanda, ukavunjika. Akarudia. Ukavunjika. Alilaumu kipaza sauti. Alilaumu unyevu. Mara ya kumi na moja akamwambia Joëlle kwamba hajui kazi yake, kwamba mtu wa Kinshasa angekwisha kumaliza. Yule mtoto alishusha macho, akaanza kukunja waya.

Nilimwambia Alexis mbele ya wote kwamba ni mtu wa majivuno, alikuwa hivyo akiwa na miaka ishirini na tano, na kwamba hakuna aliyetuumiza wakati ule kama yeye na picha zake za mbele. Nikaenda zangu. Sijutii. Pengine kidogo.

20 Oktoba

Misa. Nilimwomba Mungu anisamehe, nusu.

22 Oktoba

Alexis alikuja asubuhi, bila miwani. Amekwisha kwenda kumwomba Joëlle msamaha. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akakataa chai.

"Domi, sauti iliishia kule Kilo. Vumbi ya mu shimo. Docteur aliniambia tangu mwaka jana, haitarudi. Mi nilijua mbele ya kuanza."

"Basi juu ya nini ulikubali?"

"Ungekataa, weye?"

Nilianza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Chini bado iko muzuri," akasema. "Naweza kukusindikiza. Lakini mbele unapaswa kuimba weye."

Nikacheka. Mimi nimekuwa alto maisha yangu yote. Mume wangu, Mungu amrehemu, alizoea kusema sauti yangu ni nzuri ikiwa haionekani. Nilikuwa nadhani ni sifa.

Alexis hakucheka. "Quatre-vingt-onze, ile siku nilipatwa na malaria na uliimba sehemu yangu kwa mazoezi. Nilikuwa nje ya dirisha, nimejifunika blanketi. Nilisikia. Siku ile niliogopa, ndiyo maana sikukosa tena hata siku moja."

Tangu 1991, miaka thelathini na tatu, nilidhani yule mtu alikuwa akijipenda tu. Kumbe alikuwa anakimbizwa, na anayemkimbiza ni mimi, na sikujua! Nilipika chai kwa nguvu, na akainywa.

23 Oktoba

Alexis ananifundisha kupumua. Ni mwalimu mkali kuliko mimi.

26 Oktoba

Kamate ametatua mvua. Alifika studio na matela ishirini juu ya gari, tukayapanga juu ya dari yote, chini ya mabati. Saa tisa mvua ikaanguka, ile ya kubomoa madaraja. Ndani ilisikika kama mtu anayepapasa tu. Joëlle alimkumbatia. "Papa Kamate, mbona hukusema tangu Septemba?" "Hamukuniuliza," akasema. "Munaniuliza juu ya mapendo kila siku, na mi najua matela."

29 Oktoba

Nimeimba "Macho ya Asubuhi" mbele, peke yangu. Mara ya nne ikakaa.

30 Oktoba

Kamate ameleta wimbo wa tatu. Aliniwekea mezani akatoka kusimama uani, kwenye matope, anatazama migomba yangu. Hakuna nyota humo. Nilisoma mara mbili. Sikutoa kalamu.

2 Novemba

Tumerudi kutoka Kasenyi. Nimechoka, nguo zangu zinanuka samaki, na nina furaha ambayo sijui niweke wapi.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, gari la matela: Kamate anaendesha, mimi na Alexis pembeni. Barabara inayoteremka ziwani ilikuwa matope matupu. Mara mbili Alexis alishuka kusukuma, akarudi mwekundu mpaka kifuani, anakohoa na kulaani. Kamate alishika usukani kwa mikono miwili. Midomo yake tu ilikuwa inachezacheza. Alikuwa anarudia maneno.

Tulimkuta Adeline pwani, katikati ya wanawake, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye kope. Alituona. Akaendelea na samaki wake.

"Domi, ambia ule muzee hapa ni mahali pa kazi."

Nikafungua kinywa. Kamate akanishika bega, kwa upole.

"Leo Domi hapana kusema. Nitasema mi mwenyewe."

Lakini hakusema. Alivua kofia yake, akasimama pale kwenye mchanga wenye matumbo ya samaki, mbele ya wanawake kumi na tano na watu wa mitumbwi, akaimba. Bila gitaa, bila sisi. Nilidhani Alexis atamsaidia chini, lakini Alexis naye alivua miwani akamwachia.

Wimbo ni kuhusu ile siku ya 2003, walipokimbia vita. Walipanda mtumbwi hapo hapo Kasenyi kwenda Uganda. Kamate alikuwa na malaria kali, hajui hata jina lake. Jua la ziwani liliwaka bila wingu. Adeline alikuwa na mimba ya mwisho, na safari yote alishika kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, juu ya kichwa cha mume wake, mikono miwili hewani, hakuishusha mpaka ng'ambo. Sisi wote tunaijua hadithi hiyo. Hakuna aliyewahi kuiimba.

*Ulinishikia kikwembe ya bleu
juu ya kichwa, jua inaunguza.
Mikono yako ilikuwa inatetemeka,
mi nilidhani ni mtumbwi.*

Kisu cha Adeline kilikuwa kimesimama. Wanawake pembeni yake pia wameacha kazi. Kamate aliimba mpaka mwisho, besi yake inateleza hapa na pale, machozi yanaingia mdomoni na hayafuti. Ndege wa ziwani walikuwa wanapiga kelele.

Adeline alipangusa mikono yake kwenye nguo. Polepole, kila kidole.

"Kamate."

Mara ya kwanza kumtaja kwa jina tangu Septemba.

"Naam."

"Kikwembe haikuwa bleu."

"Eh?"

"Ilikuwa jaune. Ile ya bleu tuliacha nyumba. Ilikuwa jaune, njano kama ndizi, na maua ya kijani. Na haikuwa mikono mbili. Mukono moja nilikuwa nashikia Jemima, alikuwa anataka kutumbukia mu maji. Ukiandika wimbo yangu, andika vizuri."

"Nilikuwa na homa," Kamate akasema.

"Najua ulikuwa na homa! Ni mi nilikuwa nakutazama!" Na hapo sauti ikamvunjika, akaketi juu ya beseni lililogeuzwa, akalia na kucheka vyote pamoja. Kamate alichuchumaa mbele yake kwenye ule uchafu, na suruali yake ya Jumapili. Sikusikia waliambiana nini. Claire alitusogeza mimi na Alexis pembeni kwa nguvu, akatupa samaki wa kukaanga, akasema tuangalie ziwa.

Tuliangalia ziwa. Nyuma yetu niliwasikia wanabishana kama neno "jaune" linaingia kwenye mapigo au hapana.

5 Novemba

Adeline yuko nyumbani. Nafasi ya chumvi ameibadilisha makusudi.

9 Novemba

Tumerekodi "Kikwembe ya Jaune". Maneno: Kamate na Adeline. Adeline ndiye aliyeandika ubeti wa pili, kwamba mgonjwa yule, hata akiwa hajui jina lake mwenyewe, alikuwa bado anajua la mke wake, analiita safari nzima.

Baadaye Joëlle akauliza, kwa woga, kuhusu "Macho ya Asubuhi". Adeline alitaka kusikia sauti yangu kwanza. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ni wimbo muzuri," akasema. "Haina kosa. Sasa si ya mi, si ya ule binti. Domi ameichukua." Akaingia kwenye chumba, akavaa vile vya masikioni, akaitikia kila mstari wangu. Mara moja tu, ikakaa.

14 Novemba

Mvua. Tumerekodi.

15 Novemba

Mvua. Tumerekodi.

20 Novemba

Tulipigwa picha ya jalada. Alexis alisimama nyuma bila kuombwa. Adeline akamvuta mbele kwa shati.

26 Novemba

Wimbo wa nane umekwisha. Joëlle alizima vyombo, tukabaki pale chini ya matela ishirini, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

30 Novemba

Tumeimba kwenye ukumbi wa parokia, saa nane mchana. Nilidhani watakuja wazee hamsini. Viti viliisha, watu wakasimama madirishani. Kwenye "Meza Dawa Yako" mzee Lucien, jirani yangu, aliyekuwa analumbana na mke wake kuhusu kizingiti cha mlango wao tangu nimjue, alimpa mkono wakacheza, polepole, mbele ya wajukuu wao waliokufa kwa aibu. Wengine wakafuata. Mwishoni hakukuwa na nafasi ya kupita.

Niliposimama mbele peke yangu, nilitafuta hofu, sikuikuta. Alexis alikuwa nyuma yangu, chini, imara kama sakafu.

Joëlle aliondoka jioni. Alitukumbatia mmoja mmoja. Kamate amempa matela moja, ya watu wawili, akamwambia, "Huko Kisangani usikawie kupata bwana." Joëlle alikasirika, akaichukua.

3 Desemba

Jua. Nimefua kila kitu.

8 Desemba

Alexis alikuja baada ya Misa, amevaa koti, viatu vinang'aa. Alikataa kuketi. Aliniambia kwamba yeye ni mtu wa peke yake, na mimi vile vile, kwamba tumeimba mapendo miezi mitatu mizima na yeye hakuwa anadanganya kwenye mistari yote. Akauliza kama ningekubali tuoane.

Nilifikiri kweli. Nilitazama nyumba yangu, meza yangu, dirisha ambalo nalifungua saa ninayotaka. Nilifikiri sauti yangu, ambayo nimeipata juzi tu na bado sijamaliza kuisikiliza.

"Hapana, Alexis," nikasema. "Niko muzuri hivi. Sijawahi kuwa muzuri hivi."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakuvaa miwani yake. Alitazama viatu vyake, kisha mimi, kisha tukaanza kucheka, yeye mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni.

"Basi, niende?" akauliza.

"Uende wapi, na jua hii? Unataka bugali ao muchele?"

Akavua koti lake, akalitundika nyuma ya kiti.

"Muchele," akasema.